Afadhali Waseme Nina Mwanamke

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako na naomba uharakishe, kwa sababu Jumamosi nimewekewa kikao cha familia nyumbani kwangu mwenyewe na mpaka sasa sijui nitafungua mdomo niseme nini.

Mimi ni mume wa mtu na baba wa watoto wawili, nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha vigae mpaka kilipofungwa, na baada ya hapo mambo yakafuatana utadhani yalikuwa yamepanga foleni, tukahama nyumba tuliyoizoea tukaingia vyumba vya kupanga ambavyo mlango wa bafu haufungi mpaka uuinue, mama mkwe akaanguka akavunjika nyonga akaja kukaa nasi, na mimi nikaanza kufundisha udereva kwa gari la rafiki yangu, lile lenye kibao cha L juu ya paa, kazi ambayo siichukii lakini inataka mtu aliyetulia, nami utulivu ulishaniishia. Usingizi sina, kichwa kinagonga kutwa, jioni nazunguka mtaa kwanza ili nisiingie ndani mapema, na siku moja kwenye taa za barabarani kijani kikaja kikaondoka nimeganda, mwanafunzi aliyeshika usukani ananiuliza, "Mwalimu, niende au nisiende?" na magari ya nyuma yanapiga honi.

Aliyenishtua ni dada wa duka la dawa. Niliomba vidonge vya kichwa, akavishika hakunipa, akasema, "Kaka, hivi sasa umevifanya karanga. Hujafikiria kuzungumza na mtu?" Nikamwambia watu wa kuzungumza nao ninao tele. Akasema, "Mtu aliyesomea." Akanionyesha kwenye simu huduma ya ushauri nasaha ya mtandaoni, unajiandikisha, unapangiwa mtaalamu, mnaelewana saa, mnaonana kwa video. Nikajiandikisha ili tu anipe vidonge vyangu.

Niliyepangiwa ni mwanamke, umri kama wa mdogo wangu wa kike. Kwa kuwa nyumbani hakuna kona ya kuzungumzia nikawa napaki gari nyuma ya sehemu ya kuoshea magari, napandisha vioo, naongea naye humo. Siku ya kwanza aliniuliza tu, "Nyumbani nani anajua hali yako?" nikalia, Shangazi, na ndevu zangu zote hizi, nikalia mpaka mpita njia akaona kile kibao cha L akagonga kioo akaniambia, "Usikate tamaa kaka, hata mimi nilifeli mara ya kwanza." Lakini tulipoendelea nikaona mabadiliko, usingizi ukarudi, nikaanza kutaniana na wanangu tena, na yeye akawa ananihimiza kila mara nimweleze mke wangu, nami nikawa namwambia nitamweleza.

Basi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alileta pikipiki kuoshwa. Akanikuta nacheka na uso wa mwanamke kwenye simu, kioo kimeshuka kidogo kwa sababu ya joto, na akanisikia kwa masikio yake nikisema, "Wewe peke yako ndiye ninayeweza kukwambia haya." Jioni mke wangu akaniuliza, "Nani huyo unayejifungia naye kwenye gari?" Nikasema, "Mteja." Akanitazama. "Mteja anafundishwa gari kwa simu?" Siku hiyo alihamishia mto wake chumbani kwa mama yake, na mama mkwe, akiwa hapo kitandani na nyonga yake, akapiga simu kwa kaka yangu mkubwa na kwa wajomba wa mke wangu.

Sasa ninachokuuliza ni hiki. Nikisema ukweli, watasema nimerukwa na akili, habari itatoka nje, na hakuna mzazi atakayemkabidhi mwanawe kwa mwalimu wa udereva anayetibiwa kichwa. Lakini nikikubali kwamba nilikuwa na mwanamke, na kwamba nimeachana naye, wazee watanigombeza, nitapiga magoti, nitasamehewa, yataisha. Wanaume wengi wamepita hapo na leo wanaheshimika. Mtaalamu mwenyewe nimeacha kupokea simu zake. Je, nikikubali hilo kosa nitakuwa nimekosea?

Mwalimu wa Udereva

SHANGAZI ANAJIBU

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Unataka kukiri uzinzi ambao hukuufanya ili watu wasijue kwamba ulitafuta matibabu? Na umefikiria mkeo atabaki na nini baada ya hicho kikao? Wewe utaondoka na msamaha wa wazee mkononi. Yeye atakaa anamtafuta huyo mwanamke kwenye kila simu itakayolia, na hatampata maisha yake yote, kwa sababu hayupo.

Pole, na ninaisema kwa dhati. Kazi imeondoka, nyumba imebadilika, mgonjwa yuko ndani, yote kwa mpigo. Yeyote angeyumba. Hukurukwa na akili, ulizidiwa, ukatafuta msaada, ukapata nafuu, na hapo hukukosea hata chembe. Ulipokosea ni pale mke wako alipokuuliza swali la wazi ukamjibu "mteja". Tena barua nzima umeniandikia habari za usingizi wako. Yeye aliyehama nyumba ileile na kumuuguza mama yake, analalaje? Hukuniambia. Sijui kama unajua.

Fanya hivi. Mweleze mkeo kabla ya Jumamosi, mkiwa wawili, mbali na kitanda cha mama yake na mbali na hilo gari. Mwonyeshe huduma yenyewe na jina la mtaalamu. Yale uliyoyasema ndani ya mazungumzo ni yako, halazimiki kuyajua yote, lakini mwombe mtaalamu akubali mzungumze watatu siku moja. Wiki hii hii pokea simu yake, umwombe radhi kwa kumkwepa. Muulize pia kuhusu usajili wake, kwa sababu mtandaoni kila mtu anaweza kujiita mtaalamu, na aliye wa kweli hatakasirika. Kisha mtajie habari ya zile taa za barabarani kama ulimficha, na umwone daktari ana kwa ana. Mpaka akuruhusu, usimpeleke mwanafunzi barabara kuu. Na ikitokea siku ukawaza kujidhuru, usisubiri miadi, nenda hospitali iliyo karibu, maana aliye kwenye simu hawezi kukushika mkono.

Wasomaji wangu, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa imekaribia, majibu haya nilimtumia kwanza kwa simu. Baada ya kikao aliniandikia, naye ameruhusu yachapishwe:

"Shangazi, nilimweleza tukianua nguo. Akaniuliza, 'Kwa hiyo ulikuwa unalia?' Nikasema ndiyo. 'Humo kwenye gari?' Ndiyo. Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema, 'Mimi nalia bafuni. Ule mlango ukiuinua ukafunga, sauti haitoki nje.' Nikashika upande wa pili wa shuka tukakunja. Kikao kilifanyika hivyo hivyo kwa sababu mama mkwe haahirishi. Nilianza kueleza nikakwama katikati, mke wangu akasema, 'Yule mwanamke anamtibu. Anayetaka kucheka acheke sasa tumalize.' Hakuna aliyecheka. Mjomba mmoja alisema mambo ya kisasa haya, akaomba maji ya kunywa. Kaka yangu mkubwa alinivutia mlangoni akaniuliza hiyo huduma inapatikanaje, eti kuna rafiki yake ana shida. Nimemtumia. Daktari nimemwona, nimeanza tena miadi, na kesho mke wangu anaingia na sisi. Lakini mto wake bado uko kwa mama yake. Anasema mengine ameyaelewa, la 'mteja' bado. Nifanyeje?"

Mwalimu, usimharakishe. Mto ni wake, ataurudisha akiwa tayari. Wewe mwombe msamaha kwa ule uongo, na umwombe kwa kuutaja, usizungukezunguke. Kwa kulia usimwombe mtu yeyote msamaha. Na kesho, mtaalamu akiuliza nani aanze kuzungumza, mwachie mkeo.