Chupa Tatu za Kusukutua

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje tangu tumzike Baba? Siku ile bombani nilikuona ukitema damu, ukaimwagia maji haraka nisione. Hiyo ni fizi, Mama. Nakutumia dawa ya kusukutua tunayowapa wagonjwa hapa kliniki ya meno. Kifuniko kimoja asubuhi, kimoja jioni, wiki mbili basi. Lakini dawa inasaidia tu. Uchafu ulioganda chini ya fizi lazima ukwanguliwe. Usiende kwa mtu mwingine. Mwezi ujao nakuja kukuchukua, daktari wangu akusafishe nikiwa nimekushika mkono. Mwanya ule Baba aliusifia mpaka kitandani hospitalini, hatuupotezi.

Kitindamimba wako

20 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mimi mzima, ila nyumba imekuwa pana. Dawa ni chungu! Baba yako angesema umetutumia maji ya betri. Damu imepungua. Jirani anasema zahanati kuna muuguzi anayesafisha meno kila Jumanne. Nikamwambia, "Mimi nina binti yangu." Nikaringa kidogo. Mswaki wa baba yako bado uko kikombeni, umeuegemea wangu. Sijaweza kuutoa.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Habari za huko? Nisamehe, kazi imenibana, likizo imesogezwa. Pokea chupa mbili zaidi. Endelea kusukutua mpaka nije mwezi wa saba.

Kitindamimba

10 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Mwezi wa saba umepita. Barua ya kwanza ulisema wiki mbili basi, ya pili ukasema niendelee. Nikafuata ya pili, wewe ndiye unayejua. Meno yamekuwa rangi ya chai na chumvi siisikii. Harufu hakuna, damu hakuna, nikadhani nimepona. Jana niliuma mkate, jino la mbele likacheza kama mlango uliolegea bawaba. Nije mwenyewe? Nitajie siku tu.

Mama yako

30 Oktoba

Mwanangu,

Natumai u mzima, maana sijapata jibu. Jumanne nilikwenda zahanati. Muuguzi aliniuliza, "Mama, ulikuwa wapi? Ungekuja mapema ningekwangua, dawa ikamalizia. Sasa dawa imefunika juu, chini kumeoza." Nikasema nilikuwa namngoja mtu.

Ameng'oa mawili ya mbele. Mengine ameyakwangua vizuri, akanipa dawa ileile, ya wiki mbili. Nilimshika mkono jirani.

Siku ya kwanza baba yako kuniona nikicheka, alishuka baiskeli akasahau alikokuwa anakwenda. Yale mawili nimeyafunga kwenye leso yake. Mswaki wake nimeuweka humo humo.

Chupa yako ya tatu nakurudishia, sijaifungua. Wape wagonjwa wako. Kwa ajili ya meno usije tena. Ukija kunitazama tu, karibu, nyumba ni yako. Utanikuta nimefumba mdomo. Usiniulize kama nimenuna.

Mama yako