Rundo Halina Mlango

Mlimani kwetu, Migato
Jumamosi asubuhi

Kaka Ngeleja,

Mwangaluka. Natumaini unaendelea vizuri, na lile goti limetulia tangu mvua zilipokatika. Mimi ni mzima kuliko unavyotaka niwe.

“Ngome ni mambo ya Wajerumani na Waarabu. Babu zetu walirundika mawe tu.” Hayo ni maneno yako kwenye kikao cha ukoo, na nilipobisha ukanitoa kwenye kundi la WhatsApp. Sawa, kalamu haina kitufe cha kunitoa. Nani hurundika mawe kwa mstari juu kabisa ya mlima, yakamfika mtu mzima kifuani, akaacha nafasi moja ya kupitisha ng'ombe mmoja mmoja ili mwizi asiweze kuwaswaga kundi zima? Rundo halina mlango, kaka. Ukuta ndio wenye mlango.

Ulitangaza Bariadi nzima kwamba mdogo wako amepata wazimu wa utu uzima, anakwenda Lushoto kutazama magofu. Ni kweli nilikwenda, na nilifurahi sana. Nilikuwa na Hemed, mpima ardhi, ambaye kwao ni huko, na Joyceline, yule muuguzi aliyestaafu. Tulipanda Noah ya Hemed tukapita Shinyanga na Singida, njia nzima akitutania kwamba Msukuma akiona mlima kwa mbali hudhani ni ng'ombe amelala. Joyceline akamjibu kwamba Msambaa naye akifika tambarare hutembea ameinama, anadhani bado anapanda. Kuanzia Mombo barabara ilipoanza kujikunja, utani ukaisha. Joyceline alishika rozari, mimi nikashika kiti.

Tuliona ngome moja juu ya mlima, na nyingine iliyobaki kuta tu. Zimezungushiwa kamba, tukakatiwa tiketi, tukaambiwa tusiguse. Mwongoza wageni alitueleza habari za Mjerumani aliyezijenga, kwamba alipenda maua na alipenda mbwa. Joyceline akamwuliza nani alibeba mawe. Akacheka, akasema ni wenyeji, mama, kwani nani mwingine? Joyceline akataka majina yao. Akasema hayo hayamo kwenye maelezo.

Hapo hasira ikanishika, na hasira zangu unazijua. Mawe yaliyobebwa kwa kiboko yanalindwa kwa kamba. Ya kwetu, yaliyobebwa na watu kwa hiari yao kulinda mifugo na watoto wao, umempa Mayala mkandarasi ayasage kokoto!

Najua utanijibu kwamba kokoto ni za daraja la kijitoni. Usinifanye mpinga daraja. Joyceline amewahi kuvuka kijito kile usiku wa mvua akishikilia mjamzito aliyebebwa mgongoni, maji yakiwa kiunoni. Analitaka daraja hilo kuliko wewe. Lakini Hemed amezunguka mlima wote akakuta upande wa nyuma ni mwamba mtupu, hauna ukuta wala shamba la mtu. Mayala mwenyewe amekiri mbele yetu kwamba mwamba ule unafaa, ila unahitaji kupasuliwa, na ukuta umeshapangwa, ni kupakia tu. Basi daraja halijaudai ukuta. Unaoudai ni uvivu wa Mayala.

Ndiyo, mbele yetu. Tulirudi kutoka Lushoto moja kwa moja hadi hapa, tukatandika mikeka ndani ya ukuta. Jana dereva wa kijiko alifika akatukuta tunasonga ugali. Akazima mashine, akasema hakuajiriwa kuzoa mama zake. Tukampa chakula. Mayala alifuata kwa pikipiki, akabwata mpaka akachoka, kisha akasema anakusubiri wewe Jumatatu, kwa kuwa mlima wa ukoo uko chini yako na neno lako ndilo litakaloamua.

Sasa nikuambie usilolijua. Wifi Nancy hayuko Mwanhuzi kwa dada yake kama alivyokuaga. Yuko hapa, ameketi pembeni yangu anachambua mlenda, na ameniruhusu niandike haya. Ndiye aliyenipigia simu nikiwa Lushoto, kuniambia mashine inakuja wiki hii, si baada ya mavuno kama ulivyotuahidi.

Katika ukoo wetu, mke mpya akishavuna pamba yake ya kwanza, mama mkwe humpandisha mlimani, naye mke huyo huchagua jiwe na kulipachika ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Wanaume hamwambiwi. Hata mimi sikuambiwa, kwa kuwa binti hutarajiwa kuondoka. Marehemu mama aliweka lake. Nancy aliweka lake mwaka ule mliooana. Amenionyesha, jeusi na bapa, na bado linashikilia vizuri. Mwaka huu ni zamu ya Joyness, mke wa kijana wenu mkubwa. Nancy anasema hawezi kumpandisha mkwe wake hapa mlimani ili amwonyeshe vumbi. Alilia, kaka. Mkeo, ambaye mimi sijawahi kumwona akilia hata msibani. Kisha akafuta uso, akaniuliza kama nadhani umekula, maana hujui hata chumvi inakaa wapi.

Hemed na Joyceline wanakusalimu, hawana ugomvi na wewe. Nisalimie watoto, na majirani wote walioicheka safari yangu. Umsomee Mayala barua hii, nusu ya maneno yanayobaki ni yake.

Mayala, Jumatatu asubuhi peleka mashine upande wa nyuma, upasue mwamba, ujenge daraja kama mkandarasi. Na wewe kaka, usitume mtu wala ujumbe. Panda mwenyewe na goti lako hilo, umtazame Nancy usoni, uweke mkono juu ya jiwe lake, ndipo utoe neno lako.

Mdogo wako,
Kwandu