Halima Hataki Kubaki Baada ya Kengele

Mocímboa da Praia
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Mama anaendeleaje na goti lake? Na wewe, kifua kimeacha kubana? Watoto wamezoea shule ya huko Mtwara, au bado wenzao wanawacheka kwa Kiswahili chao cha huku kwetu? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, nafundisha. Barua hii anakuletea mama mmoja muuza vitenge, huvuka mpaka pale Namoto kila mwezi. Ningepiga simu, lakini simu unaiweka sauti kubwa ili mama asikie, na haya sitaki ayasikie. Msomee salamu tu.

Nilikwambia kwamba diretor wetu mpya wa shule, yule bwana aliyeletwa kutoka Zambézia, amempa kila mwalimu kikundi cha baada ya masomo. Wengine walipewa mpira, wengine kwaya, mimi nikapewa teatro, maigizo. Nilifurahi sana. Tulipelekwa semina Pemba yetu ya huku, siku tatu, mkufunzi akatueleza kwamba mtoto hujiunga na kikundi akiona rafiki zake wamo, akijiona anaweza, na akihisi kuna mtu anayemtaka. Niliandika yote kwenye daftari. Nilirudi nikidhani nimeshaijua kazi.

Nikabandika karatasi ukutani, anayetaka teatro aandike jina lake. Wiki mbili, karatasi nyeupe. Kengele ya kutoka ikilia, kabla sijamaliza kufuta ubao darasa tupu. Mwalimu mwenzangu akasema ni uvivu. Nami, Mungu anisamehe, nikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti: watoto hawana moyo.

Katika darasa hilo yumo msichana anaitwa Halima, ana miaka kumi na minne. Wakati wa mapumziko huiga watu. Anamwiga diretor anavyofuta miwani kabla ya kugomba. Ananiiga mimi ninavyotafuta chaki ambayo nimeishika mkononi. Wenzake wanacheka mpaka wanakaa chini. Nikaona akiingia huyu, wengine watamfuata. Nikamwita.

"Halima, mbona hujaandika jina?"

"Nitaandika kesho, professora."

"Hiyo kesho umeniambia mara tatu. Unaona haya mbele ya watu?"

"Sioni haya."

"Basi nini?"

Akatazama mlango. "Nyumbani wananingoja."

Nikaenda kwao. Anaishi na bibi yake, mzaa mama, nikamkuta anakuna nazi. "Mimi simngojei kwa kazi yoyote," bibi akasema. Halafu akaweka kifuu chini, akanieleza. Mwaka ule wa kukimbia, Halima alibaki shuleni na wenzake kufanya mazoezi ya ngoma ya sikukuu. Watu wale wenye bunduki wakaingia mjini. Alipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi, chungu kiko motoni, mama yake na wadogo zake wawili hawapo. Mpaka leo hawajulikani walipo. "Anaamini angewahi kurudi, wangeondoka naye," bibi akasema. "Namwambia sivyo. Hanisikii."

Dada, hapo ndipo ilinipasa nimwache. Lakini nilikuwa na ripoti ya diretor kichwani, na nikisema kweli, nilitaka niwe mimi niliyemponya. Kesho yake nikamwambia nitamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kwao.

"Na nikibaki, hakitatokea kitu?"

"Hakitatokea kitu."

"Nimwambie bibi umesema hivyo?"

"Mwambie."

Akabaki Jumanne, akabaki na Alhamisi. Alipobaki yeye, wakabaki kumi na mmoja. Aliigiza mama wa sokoni anayekataa kupunguza bei ya samaki, na mimi nikacheka mpaka machozi. Kila mara aligeuka kutazama dirishani, lakini alibaki.

Jumanne iliyofuata, lori la saruji likapasuka tairi nje ya ukuta wa shule. Mlio mmoja tu. Watoto wakaruka madirishani, wengine wakaingia chini ya madawati. Na mimi, dada, mimi pia nilikimbia. Nilijikuta nyuma ya choo, pekupeku, nimewaacha watoto wa watu ndani. Sijui nilifikaje pale.

Niliporudi Halima hakuwepo. Nikaenda kwao vile vile bila viatu, nikamkuta amemkumbatia bibi yake kiunoni, hataki kumwachia. Akaniuliza, bila hasira, "Professora, ulikwenda wapi?"

Sasa ni wiki ya tatu hajaja shule kabisa. Si teatro tu, hata masomo. Nimemwambia teatro basi, nimemwambia anaweza kutoka kabla ya kengele, nimempelekea rafiki zake. "Nimesikia," anasema, na anaendelea kuchagua mchele. Nilikwenda kwa diretor nimwombe avifute vikundi. Si mtu mbaya. Akasema, "Professora, wakubwa wanataka kuona vikundi. Mimi nifanye nini?" Nikaona kwamba ananiuliza kweli. Tukakaa pale, wawili, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Naenda kwao kila siku jioni. Bibi ananipa kigoda. Hakuna ninalolifanya, nakaa tu. Jana wakati naaga, Halima akaniuliza, "Kesho utakuja?" Nikafungua mdomo niseme nitakuja, nikakumbuka nilivyomwahidi hakitatokea kitu. Nikasema, "Inshallah."

Akaitikia kwa kichwa. "Sasa ndiyo umesema vizuri, professora."

Nilitembea mpaka kwangu nikilia kama mtoto, na watu wananisalimia.

Nibusie mikono ya mama. Nisalimie mjomba aliyetupa chumba tulipovuka, na shemeji yangu mumeo, na mwanao wa mwisho mwambie daftari lake nimelinunua. Kama una neno la kunishauri, niandikie. Kama huna, niandikie tu.

Mdogo wako,
Zuhura