Njia ya Picha za Nyufa

Jinja, Jumapili

Mdogo wangu Lukman,

Jana mkandarasi Wamboga alitangaza kwamba picha nilizoweka mtandaoni za nyufa za ghorofa alilojenga Bugembe hazipo. “Bi Nusifa, fungua huo ukurasa wako,” alinicheka. “Visanduku vitupu!”

Kwangu zilionekana, kwa sababu njia ya picha niliianzisha na C:, diski ya kompyuta yangu. Kila msomaji akatafutiwa picha kwenye diski yake mwenyewe, ambamo hazimo. Gorreti wa dawati la pili alisema, “Umemwambia boda, ‘Nipeleke kwa mama.’ Amekupeleka kwa mama yake!”

Sasa njia inaanzia pale ulipo ukurasa: picha/ufa.jpg. Folda ya picha nimeipandisha mtandaoni pamoja na ukurasa. Fungua hapo Nkoma, utaziona.

Uliniandikia, “Dada, omba radhi yaishe.” Najua Wamboga ni mkwe wako, na mkeo Nandutu hali chakula kwa ajili ya baba yake. Lakini watu wanalala chini ya nyufa zile. Sifuti hata neno la habari niliyoandika.

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, Wamboga anakuja ofisini. Nitaufungua ukurasa kwenye simu yake.

Dada yako,
Nusifa