Mguu wa Kioko

Jumanne, Mutomo

Rula bado hazijaletwa, kwa hivyo leo watoto wa Gredi ya Pili walipima darasa kwa nyayo. Kioko alipata ishirini na tisa, Mwende thelathini na nne. Wakaanza kuitana waongo, nami nikawakaripia wote wawili.

Mwende akasema, "Mwalimu, tutumie mguu wa Kioko peke yake. Kwetu akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana, wakichimba matuta, kila mmoja anapimiwa sehemu yake kwa hatua za nyanya yangu. Hakuna anayelalamika."

Ana miaka saba.

Miaka kumi na moja nafundisha vipimo. Leo ndio nimejua rula ni nini: ni mguu wa mtu mmoja, ambao wengine wote wameukubali.