Chumba Changu Kimeitwa Stoo

Jumatano

Namchukia baba mdogo, na leo sitatubu.

Ramani ya nyumba yetu mpya ya Somanda niliichora mimi, kwa rula yangu ya kidato cha nne. Baba aliisifu. Kisha baba mdogo akaweka kidole kwenye chumba changu.

"Kaka, hiki cha nini? Huyu ataolewa, ng'ombe wake wako njiani. Weka mahindi."

Akacheka. Baba naye akacheka! Wadogo zangu wa kiume wana chumba kila mmoja.

"Haya mwanangu, andika stoo," baba akaniambia.

Nitalala wapi, hakuna aliyeuliza. Nikaandika.

Ila dirisha kubwa la chumba changu sikulifuta, na hawakuliona. Kesho fundi anaanza kujenga kwa ramani hiyo hiyo.