Kaburi la Mwanakijiji wa Kwanza

Apple Valley, Marekani, Jumapili, katikati ya Novemba. Mwaka wa arobaini na moja tangu nitoke nyumbani. Mvua ya asubuhi imegeuka theluji nyepesi isiyokaa; inagusa lami na kuyeyuka. Goti la kushoto linauma, na moyoni nina uchachu ambao chai haijauondoa.

Leo kanisani wameonyesha filamu ya safari yetu.

Aliyeipiga ni Erik, mume wa binti yangu Tumaini. Anafundisha historia katika sekondari hapa jirani, na tangu aingie katika familia yetu amekuwa akiniuliza habari za ujamaa kama mtu anayemuulizia ndugu aliyepotea. Mwezi Septemba tulikwenda watatu, yeye, Tumaini na mimi, kuanzia Dar es Salaam hadi kijijini kwetu nyanda za juu. Leo baada ya ibada watu wamekaa ukumbini na kahawa na vitumbua, taa zimezimwa, nikajiona ukutani: mzee mwenye koti kubwa, amesimama kando ya kaburi la baba yake, anatikisa kichwa kukubali. Watu wakapiga makofi.

Nilichokuwa nakikubali pale ni uongo.

Taa zilipowashwa akaja Mama Furaha kukaa nami. Mama huyu ni muuguzi wa hospitali huko Maplewood, na ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Mtanzania wa hapa akifariki, yeye ndiye anayejua maiti inakwenda wapi. Mwaka huu anawapitia wazee wote, na mimi tu ndiye niliyekuwa nimebaki. Akapuliza kahawa yake, akasema, "Mzee, unisamehe kukuuliza mbele ya vitumbua. Tukupeleke, au tukulaze hapa?"

Waliokuwa mezani wakacheka. Akaongeza kwamba udongo wa huku una baridi, ila majirani hawana fitina.

Miaka yote nimekuwa na jibu moja: nyumbani, kando ya baba. Leo nikamwambia nitampigia simu jioni.

Erik aliiita safari ya kufuata nyayo za ukomunisti. Nilimwambia tukiwa bado uwanja wa ndege kwamba hatukuwa wakomunisti. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa mwimbaji wa kwaya. Wakomunisti niliowaona mimi ni Wachina wa reli, nao walikuwa wakifanya kazi tu, hawakumhubiria mtu. Akauliza, basi ninyi mlikuwa nini? Nikasema tulikuwa ndugu kwa amri. Akacheka, akaandika.

Nakiri kwamba siku za kwanza nilifurahi. Morogoro tulisimama nje ya kiwanda ambacho sasa kinaota majani juu ya paa. Mbele ya safari tukakuta duka la zamani la ushirika. Chini ya rangi ya tangazo la soda bado yalisomeka maneno "Kilimo cha kufa na kupona". Nikawasimulia foleni za sukari, jinsi kila mtu alivyoweka jiwe lake kwenye mstari, akarudi nyumbani kupalilia, na jiwe likamshikia nafasi. Mtu aliweza kuiba mbuzi, lakini hakuthubutu kusogeza jiwe la mwenzake. Tumaini alicheka mpaka machozi. Hakuwa amewahi kusikia. Nikajiambia kwamba hatimaye namwonyesha mtoto wangu nilikotoka.

Nilipaswa kumwonyesha yote siku ile, kabla hatujafika kijijini. Sikufanya hivyo.

Baba yangu hakuhamia kijijini. Alihamishwa. Wakati wa operesheni ya kuwakusanya watu vijijini mimi nilikuwa chuo cha ualimu, nikarudi likizo nikakuta nyumba yetu haina paa. Mgambo walipanda juu wakang'oa nyasi na fito, kisha wakakichoma kihenge cha mahindi ili baba asiwe na cha kurudia. Yeye na mama walipakiwa kwenye lori, wakashushwa kwenye pori lililopigwa mistari ya chokaa, na mvua zilikuwa zimeanza. Baba alikaa chini ya turubai akimtazama kila anayepita bila kumwitikia salamu. Kisha akaondoka kwa miguu. Akarudi kwenye mahame yake, akaezeka pembe moja ya nyumba, akafia humo kabla ya mavuno.

Kaka yangu Zakaria na mimi ndio tuliomchimbia kaburi. Tulimzika kando ya zizi la ng'ombe, mahali pa mwenye mji. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua.

Kila nilipowaza kifo huku ugenini, niliwaza kando ya zizi lile.

(Zakaria si jina lake. Jina la kijiji sitaliandika, wala la baba. Sababu itaonekana.)

Kaka sasa anakaribia themanini. Alitupokea barabarani, akanipa salamu ya kwetu, "Kamwene," akanitazama ninavyoshuka garini kwa shida, akasema, "Mmarekani, kumbe umekuja na goti la kuazima." Tumaini akapiga goti kumwamkia baba yake mkubwa. Mzee akamshika mikono yote miwili, akaishikilia kwa muda mrefu, na nilimpenda kwa hilo.

Kisha akatuongoza mpaka mbele ya ofisi ya kijiji. Hapo lipo kaburi jipya la saruji, limevikwa vigae vyeupe kama vya bafuni, na juu yake kibao cha bati. Kimeandikwa jina la baba, na chini ya jina: "Mwanakijiji wa Kwanza. Alihamia kwa hiari, akaonyesha njia."

Kaka akavua kofia, akasimulia. Nitasema ukweli, alisimulia vizuri. Alieleza jinsi baba alivyopanda mwenyewe juu ya nyumba yake, akashusha fito moja moja, akazibeba begani akiimba, akafika kijijini kabla ya lori. Hata mimi nilimwona baba akiimba, na baba hakuwa mtu wa kuimba. Erik alikuwa anarekodi. Mwenyekiti wa kijiji alisimama na mikono nyuma. Tumaini alikuwa analia, akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama kweli ilikuwa hivyo.

Wote wakaningoja. Kaka peke yake ndiye aliyekuwa akitazama chini.

Nikasema, "Baba yako mkubwa alikuwepo." Nikatikisa kichwa. Ndicho kichwa walichokipigia makofi leo.

Jioni ile, Tumaini na Erik wakiwa uani na watoto wa kaka, nilikaa na kaka ndani kwake. Kulikuwa na chai na viazi vitamu. Nikamuuliza ni nani aliyelala chini ya vigae vile.

"Hakuna mtu," akasema, akiendelea kumenya kiazi.

Akanieleza polepole. Mahame yetu yaliingizwa ndani ya shamba kubwa la miti ya mbao. Habari ilifika kijijini baada ya katapila kupita. Alikimbilia huko na jembe ili aokoe chochote, hakuona hata mawe ya zizi. Akakaa miaka bila mahali pa kusimama na kumkumbuka baba. Kisha wakaja watu kutafuta hadithi za kale kwa ajili ya wageni wa utalii, wakamuuliza baba yake alikuwa nani. Walitaka hadithi ya kuonyesha, na walikuwa na vifaa vya ujenzi. "Bila kibao kile," kaka akasema, "tusingepata saruji."

Nikamwambia wamemfanya baba awabariki waliomuua. Sauti yangu ilipanda, nami si mtu wa kupaza sauti. Yeye akaweka kiazi chini, akafuta vidole kwenye suruali.

"Aliyepanda juu ya paa letu, binti yake ni mke wa mwanangu," akasema. "Wajukuu zangu ni wajukuu zake. Jumapili tunakaa benchi moja. Wewe, mdogo wangu, ukweli wako uko nao Marekani, na huko hakuna anayekusalimia asubuhi akiwa na uso wa yule mtu. Mimi nasalimiwa, na lazima niitikie."

Nikasukuma kikombe changu pembeni.

Aliona amenijeruhi, akajaribu kunichangamsha. Akasema upande wa kushoto wa kaburi ameniachia nafasi, matofali yako tayari, na nisihofu goti, hapo hakuna kilima cha kupanda. Nikamuuliza wataandika nini kwenye kibao changu. Akasema nitakuwa nimekufa, niwaachie wenye kibao.

Kesho yake nilimwomba Erik anipeleke kwenye shamba la miti, sikumwambia sababu. Mlinzi alikuwa mtu wa adabu, akaturuhusu kuingia. Misonobari imepandwa kwa mistari iliyonyooka, na kila mstari unafanana na mwingine. Nilitafuta mteremko wa kisima chetu, wamesawazisha. Nikasimama mahali, nikasogea, nikasimama pengine. Erik akanishika mkono bila kuuliza kitu. Huenda alidhani nimechoka.

Leo tuliporudi kutoka kanisani nikawaeleza, jikoni, kabla hata hatujavua makoti. Paa, kihenge, lori, zizi, katapila. Tumaini alisikiliza akiwa amejishika mdomo. Kwanza alikasirika, kwa Kiingereza, kwamba amelelewa na mtu mwenye habari hizi na amezipata akiwa na mvi. Alikuwa na haki. Kisha akauliza kwa Kiswahili, ambacho hakitumii sana nami:

"Sasa babu yangu yuko wapi?"

Nikasema yuko chini ya miti ya mbao, mahali nisipopajua.

Erik aliketi. Akasema ataikata sehemu ile ya filamu, au ataweka maneno ya kueleza yaliyotokea kweli. Ni mtu mwema, na alikuwa amejiinamia kwa aibu isiyokuwa yake. Nikamkataza. Filamu ile tulishawatumia, wanaitazama kijijini kwenye simu zao; ikibadilishwa huku mchana, huko itajulikana kabla ya jua lao kuchomoza. Wataulizana ni nani aliyesema. Watamwangalia kaka yangu, na binti wa yule mtu atapika chakula cha siku hiyo bila kuinua macho.

Kwa hiyo sasa na mimi naulinda uongo ule. Nilitoka nchini nikiwa kijana, nikasoma vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya miaka yetu ile, nikawasahihisha watu mezani na pembeni mwa ukumbi, tarehe na maneno. Nikafika kwenye kaburi la baba yangu, nikatikisa kichwa. Kwa uchungu huu simlaumu Zakaria. Kama ningebaki mimi na akaondoka yeye, pengine vigae vile ningevichagua mimi.

Lakini kulala pale ni jambo jingine. Kukaa kimya ninaweza. Nikilazwa kando ya kaburi tupu, chini ya kibao kile, mwili wangu utakuwa shahidi wa hiari ya baba, na hautaweza tena kuugeuza ushahidi wake.

Jioni nilimpigia Mama Furaha. Nikasikia maji ya bomba, alikuwa anaosha vyombo, akayafunga. Nikamwambia wanilaze hapa. Akauliza kwa upole wa kazi yake kama nimeongea na kaka yangu, maana nyumbani watasema chama kimemtupa mzee wao kwenye barafu.

Nikamwambia kaka asipate taabu. Nafasi aliyoniachia aijenge tu. Aweke na vigae. Kaburi lisilo na mtu anajua kulijenga, na wageni watalipiga picha vilevile.

Alianza kucheka, kisha akaacha. Akasema, "Sawa, mzee. Nimeelewa." Sijui kama ameelewa, lakini ameandika.

Tumaini amepanda kulala bila kuniaga, halafu ameshuka tena, akanibusu kichwani, akapanda. Nje theluji imeanza kukaa.

Sitarudi nyumbani, si kwa miguu wala kwa jeneza.